UZI: Programu huria na hataza – someni kifungu cha fidia kabla hamjasaini mkataba

#1 Mkazi wa Ng'ong'ona

Wakuu, salaam kutoka Dodoma.

Naleta jambo ambalo vijana wengi wanaotengeneza programu hapa mjini hawaliwazi mpaka mkataba uwe mezani. Kuna kikundi ninachofanya nacho kazi, wengi wao wamepita CIVE, ndaki ya TEHAMA pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Wametengeneza mfumo wa kurekodi vikao: kamera, kompyuta ndogo, na programu inayonasa picha na sauti, inazikata kwa kila ajenda na kuzihifadhi ili katibu azipate akizihitaji. Ndani yake kuna Linux ya kuendesha kompyuta, kuna FFmpeg ya kuchakata video, kuna maktaba nyingine kadhaa (vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine), zote huria, yaani waandishi wake wameruhusu kwa leseni yeyote azitumie. Mfumo unafanya kazi vizuri sana. Akajitokeza mnunuzi, shirika lenye ofisi hapa nchini na Ulaya pia, akataka kuufunga kwenye ofisi zake zote.

Mkataba ulipokuja, katikati ya kurasa nyingi kulikuwa na kifungu kinachosema mtoa huduma anathibitisha kwamba mfumo wote, pamoja na programu za watu wengine zilizomo, hauingilii hataza (patenti, haki ya mvumbuzi) ya mtu yeyote katika nchi yoyote, na kwamba atalipa fidia ya hasara yote bila kikomo. Vijana walikuwa wameshashika kalamu. Hoja yao ilikuwa moja: kila tulichotumia ni huria, leseni zimo kwenye mafaili, sasa hofu ya nini?

Hofu ipo, na ndiyo sababu ya uzi huu. Leseni huria inakupa ruhusa ya yule aliyeandika msimbo, yaani maandishi ya programu. Ruhusa ya mtu mwingine hana uwezo wa kuitoa. Jirani anaweza kukuachia shamba lake ulime miaka yote bila kukudai hata debe la mtama, lakini kama njia ya kufika shambani inapita kwa mtu mwingine, huyo mwingine bado ana neno lake. Hakimiliki ni shamba, hataza ni njia.

Hakimiliki inalinda maandishi ya msimbo wenyewe. Inazaliwa pale unapoandika, na hapa kwetu ina sheria yake ya mwaka 1999. Ukiandika programu yako mwenyewe toka mwanzo bila kunakili, hujagusa hakimiliki ya mtu. Hataza ni habari nyingine. Inalinda namna kitu kinavyofanya kazi, inaombwa na kutolewa nchi kwa nchi, kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa, na unaweza kuivunja hata kama hujawahi kumsikia mwenye nayo. Kusema "niligundua mwenyewe usiku nikiwa Ng'ong'ona" hakukusaidii mahakamani. Hapo ndipo wengi wanapoduwaa.

Wakongwe watakumbuka picha za GIF. CompuServe waliitoa mwaka 1987, dunia nzima ikaizoea. Mwishoni mwa 1994 ikatangazwa kwamba njia ya kubana data iliyomo ndani yake, LZW, ina hataza ya Unisys, na watengeneza programu wanatakiwa kulipia. Watu walikasirika, wakakaa chini wakatengeneza PNG, aina nyingine ya faili la picha, na hataza ya Marekani ikaja kuisha Juni 2003. MP3 nayo: wale mliokuwa mkifunga Ubuntu (aina ya Linux) enzi hizo mnajua kwamba nyimbo zilikuwa hazipigi mpaka uongeze furushi la ziada mwenyewe. Msimbo wa kupiga MP3 ulikuwepo na ulikuwa huria. Kilichowazuia kuuweka ni hataza. Mpango wa kutoza leseni za MP3 ulifungwa Aprili 2017.

Sasa turudi kwenye video, maana ndiko kikundi changu kilikokwama. Kodeki (njia ya kubana na kufungua video) ya H.264, ambayo karibu kila kamera na simu inaitumia, imezungukwa na hataza za makampuni mengi, zilizokusanywa kwenye kapu moja ili mtu alipie sehemu moja. FFmpeg iko chini ya leseni huria ya LGPL, na ukiiunganisha na x264, programu ya kuzalisha H.264, inageuka kuwa GPL, leseni inayotaka anayesambaza atoe na msimbo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokuruhusu kutumia hataza za wale wenye kapu. Mwaka 2013 Cisco walifanya jambo la maana: walitoa OpenH264, programu yao ya kodeki hiyo, msimbo wake uko chini ya leseni huria ya BSD, na wakasema wao watalipia ada ya hataza. Lakini sikilizeni vizuri. Wanalipia ile programu waliyoijenga wao na kuisambaza wao. Ukichukua msimbo uleule ukaujenga mwenyewe kwenye kompyuta yako hapa Makole, malipo ya Cisco hayakuhusu. Ndiyo maana Firefox huipakua kutoka kwa Cisco moja kwa moja badala ya kuibeba ndani. Msimbo ni uleule, leseni ni ileile, ila haki mkononi mwako ni tofauti. Mimi hilo lilinifungua macho kuliko kitabu chochote.

Na msidhani ni mambo ya kale. Mwaka 2022 Fedora, aina nyingine ya Linux, waliondoa kwenye usambazaji wao uwezo wa kutumia kadi za picha kufungua H.264 na mrithi wake H.265, kwa sababu hizohizo za kisheria.

Kuhusu leseni zenyewe: MIT na BSD hazitaji hataza hata kidogo. Wapo wanasheria wanaosema ruhusa ya hataza inaeleweka humohumo, ila haijaandikwa. Apache 2.0, ya mwaka 2004, inaandika wazi kwamba kila aliyechangia msimbo anakupa pia ruhusa ya hataza zake zinazohusu mchango wake, na ukifungua kesi kudai kazi hiyo inaingilia hataza yako, ruhusa uliyopewa inakoma. GPLv3 ya 2007 ina ulinzi wa namna hiyo. GPLv2 ya 1991 inakwenda upande mwingine: kama hataza inakuzuia kusambaza kwa masharti ya leseni, basi usisambaze kabisa. MPL 2.0, leseni ya Mozilla, nayo imeandika hataza. Zote hizi zinawabana waliochangia au wanaosambaza tu. Mwenye hataza ambaye hajawahi kuandika wala kusambaza hata mstari mmoja wa mradi huo hafungwi na leseni yoyote kati ya hizo.

Tulichofanya: tuliondoa H.264 kwenye kuhifadhi, tukaweka kodeki za VP9 kwa picha na Opus kwa sauti. Kodeki mpya zaidi, AV1, tuliitamani, imetoka 2018 chini ya muungano wa makampuni makubwa yaliyoahidi kutotoza, lakini kompyuta zetu ndogo zinahema kuizalisha, na Sisvel, kampuni inayokusanya hataza na kutoza ada, wana kapu la hataza wanazodai zinaigusa AV1 na VP9 pia. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuhakikishia asilimia mia, na hapo ndipo palipo kiini cha hoja yangu: kama Google na Cisco hawathubutu kuahidi "nchi yoyote, mtu yeyote, bila kikomo", kikundi cha vijana wa Ng'ong'ona kitaahidi kwa ubavu gani? Kifungu kile hatukukisaini. Tumerudisha marekebisho, tunasubiri.

Nawasilisha.

#2 Kondoa Kwetu

Mkuu, umeandika vizuri lakini unawatisha watoto. Nani atatoka California kuja kumshtaki mtu Dodoma kwa sababu ya video ya kikao? Tumetumia VLC miaka yote, hakuna aliyeguswa. Waache vijana wafanye biashara, hela zenyewe hazipo.

#3 Mkazi wa Ng'ong'ona

Kondoa Kwetu, nusu ya hoja yako naikubali kwa mikono miwili. Hataza inakaa ndani ya mipaka. Kama mtu hajaisajili hapa, hana cha kudai kwa unachotengeneza na kutumia hapa. Mtu wa California hana haja ya kuja.

Lakini anayekuja si yeye. Anayekuja ni mteja wako. Mteja anafunga mfumo kwenye ofisi yake ya Ulaya, mwenye hataza anamfuata kulekule, mteja analipa, kisha anafungua mkataba wako na kusoma kifungu ulichosaini: utafidia. Hapo hakuna tena suala la kama Tanzania hataza hiyo ipo au haipo. Deni lako linatokana na sahihi yako. Na hela zisipokuwepo ndiyo balaa zaidi, kwa sababu wengi hapa wanasaini kwa majina yao wenyewe, bila hata kampuni.

#4 Wakili wa Makole

Naomba niongeze kwa upande wa sheria, maana ndiyo kazi yangu.

Tanzania Bara hataza zinasimamiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217. Kuna njia ya pili: nchi yetu ni mwanachama wa ARIPO, shirika la mali ya akili la nchi za Afrika, na chini ya Itifaki ya Harare ya 1982 mtu anaweza kuomba hataza moja akaitaja Tanzania kati ya nchi anazotaka. Kwa hiyo ukitafuta BRELA peke yake na kukuta hakuna kitu, hujamaliza kutafuta. Zanzibar wana sheria yao ya mali viwandani ya mwaka 2008. Mkataba unaosema "Tanzania" bila kufafanua unabeba pande zote mbili.

Sheria yetu haihesabu kanuni za hisabati wala mbinu za kuendesha biashara kuwa uvumbuzi. Hilo linapunguza sana uwezekano wa mtu kusajili programu tupu hapa. Ulaya nako programu "yenyewe kama yenyewe" haipewi hataza, na Julai 2005 Bunge la Ulaya lilikataa kwa kura 648 dhidi ya 14 muswada uliokuwa ukipanua mlango huo. Lakini kodeki nyingi huombwa kama mbinu ya kiufundi ya kubana ishara, na kwa njia hiyo zinapita. Marekani baada ya hukumu ya kesi ya Alice ya 2014 hataza nyingi za programu zimeanguka, ila za kodeki bado zina nguvu.

Kuna wanaosema nchi maskini zimesamehewa. Ni kweli kwamba nchi zenye maendeleo duni, nasi tumo, zimepewa hadi 1 Julai 2034 kutekeleza kwa ukamilifu TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali ya akili. Huo ni msamaha kwa serikali. Sheria ambayo nchi imeshaitunga inaendelea kukubana wewe.

Na Mkazi, usisahau kifungu kingine: mgogoro utaamuliwa wapi na kwa sheria ya nchi gani. Fidia yenye kikomo kizuri inaweza kukuua kama shauri litasikilizwa London na wewe huna nauli.

#5 Zabibu Nyekundu

Mimi nafunga mitambo, si mwanasheria. Nataka kukumbusha kuhusu kadi za kamera. Kadi zote kubwa kuliko GB 32 zinakuja na exFAT, mpangilio wa kuhifadhi mafaili, ambao ni wa Microsoft. Mwaka 2009 Microsoft waliwashtaki TomTom, watengenezaji wa vifaa vya kuonesha njia, na baadhi ya hataza zilihusu majina marefu ya mafaili kwenye FAT, mpangilio uliotangulia exFAT, kwenye vifaa vinavyotumia Linux. Walimalizana nje ya mahakama ndani ya wiki chache. Watu wa Linux waliingiwa na baridi kweli.

Leo hali ni nzuri zaidi. Oktoba 2018 Microsoft walijiunga na Open Invention Network (OIN) wakiwa na hataza zaidi ya 60,000, na Agosti 2019 wakachapisha maelezo ya exFAT na kuruhusu iingie kwenye Linux. OIN ilianzishwa 2005, wanachama wanaahidi kutoshtakiana kuhusu mfumo wa Linux, na kujiunga ni bure kwa kikundi kidogo. Kikundi chenu kimejiunga?

#6 Mkazi wa Ng'ong'ona

Zabibu, asante sana kwa hili. Bado, na wiki hii naliwasilisha kwao. Ila wadau mjue OIN inahusu orodha ya programu waliyoiita mfumo wa Linux, na ahadi ni kati ya wanachama. Wenye hataza wasio wanachama wako nje.

#7 Mwanachuo wa CIVE

Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa mwisho, mradi wangu unatambua ugonjwa kwenye majani ya mzabibu kwa picha ya simu. Nina maswali. Nikiweka msimbo hadharani kwenye tovuti ya GitHub nichague leseni gani? Na je, baadaye naweza kuomba hataza? Mwenzangu ananiambia niiweke kwanza ili watu waione, hataza nitaomba nikipata hela.

#8 Mkazi wa Ng'ong'ona

Marahaba mdogo wangu. Anza na la pili kwa sababu halina kurudi nyuma. Hataza inatolewa kwa kitu kipya. Ukishakichapisha mwenyewe, katika nchi nyingi umeshaua upya wake kwa mkono wako. Mwenzako anakushauri kinyume. Kama una nia ya kweli ya hataza, nenda BRELA kabla ya kuweka chochote hadharani, pamoja na mabango ya maonesho ya chuo.

Binafsi sikushauri hataza. Sehemu kubwa ya kazi yako nadhani ni modeli (programu ya akili bandia) ya watu wengine uliyoifundisha kwa picha za mashamba yetu, na thamani iko kwenye zile picha na kwenye wakulima wanaokuamini. Kuchapisha kuna faida ambayo watu hawaifikirii: ukishaweka hadharani kwa tarehe inayoonekana, hakuna mwingine anayeweza kuja kesho akadai amevumbua yeye. Umemfungia mlango bila kulipa ada.

Leseni, mimi ningechukua Apache 2.0. Akija mtu wa kampuni kubwa kuchangia msimbo kwenye mradi wako, hawezi kesho kukudai kwa hataza iliyomo kwenye mchango wake mwenyewe. MIT ni fupi na inapendeza, lakini haina neno hilo. Angalia pia leseni ya modeli na ya picha, kila moja ina yake. Na muulize msimamizi wako sera ya chuo inasemaje kuhusu umiliki wa miradi, uipate kwa maandishi.

#9 Mzawa wa Mpwapwa

Hoja ya React, maktaba ya kutengeneza kurasa za wavuti, mmeisahau. Facebook walikuwa wameiweka chini ya BSD pamoja na karatasi ya hataza iliyosema ukiwashtaki kwa hataza yoyote, hata isiyohusu React, ruhusa inakufa. Apache Foundation, wale wa leseni ya Apache, wakaipiga marufuku kwenye miradi yao Julai 2017, na Septemba Facebook wakaihamishia MIT. Kelele za watengeneza programu zilifanya kazi. Kwa hiyo leseni inaweza kubadilika, na nyie mnaofunga mifumo andikeni toleo gani mlichukua na lilikuwa na leseni gani siku hiyo.

Ila kwa kweli, wakuu, mimi naona tunalia na simba wa mbali huku fisi yumo zizini. Hapa kwetu kosa kubwa ni la hakimiliki. Mtu anachukua programu ya GPL, anafuta majina ya walioandika, anaweka nembo yake, anaiuza kwa taasisi kama mali yake na msimbo hatoi. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja na inaniuma.

#10 Mkazi wa Ng'ong'ona

Mpwapwa, hapo sina cha kupinga. Inaniuma pia, kwa sababu wale waliofutwa majina ni watu walioacha usingizi wao ili sisi tupate pa kuanzia. GPL haimkatazi mtu kuuza. Inamtaka amkabidhi mteja msimbo pamoja na haki zilezile alizopewa yeye. Taasisi inayonunua ikajua haki hiyo, itaidai, na siku fundi akipotea itaweza kumpa kazi mwingine.

Dawa ni ileile kwa matatizo yote mawili: orodha. Kila maktaba iliyomo kwenye mfumo, toleo lake, leseni yake, na ilitoka wapi. Kikundi chetu tulipoanza kuiandika tulikuta maktaba ambazo hakuna aliyekumbuka kuziweka, zimeingia zikibebwa na nyingine.

#11 Kondoa Kwetu

Sawa, nimeelewa sehemu ya mkataba, hilo sikuwa nimeliangalia hivyo. Sasa tuwekeeni maneno mliyopendekeza, wengine tuna zabuni mezani.

#12 Mkazi wa Ng'ong'ona

Haya hapa, kwa ufupi, na Wakili atasahihisha:

"Mtoa huduma anathibitisha kwamba, kwa kadiri ya ufahamu wake siku ya kusaini, msimbo aliouandika mwenyewe hauingilii hataza inayotumika Tanzania Bara. Programu za watu wengine zilizoorodheshwa kwenye kiambatisho zinatolewa kwa masharti ya leseni zake, bila dhamana ya ziada. Endapo dai litatokea, mtoa huduma atabadilisha sehemu inayolalamikiwa au kurudisha malipo ya sehemu hiyo, na wajibu wake wote hautazidi thamani ya mkataba. Mteja atakayeutumia mfumo nje ya Tanzania Bara atabeba mwenyewe jukumu la leseni za hataza za huko."

#13 Wakili wa Makole

Ni nzuri. Ongeza kwamba mteja akipokea dai lazima akujulishe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, na asikubali kulipa bila wewe kujua. Bila hivyo atapatana na mtu kwa bei anayotaka, kisha akuletee bili. Na kila mmoja apeleke mkataba wake kwa wakili, kwa sababu maneno haya yametungwa kwa mkataba mmoja.

#14 Zabibu Nyekundu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kamera zenyewe zinatoa H.264 tayari. Mmeiondoa kwenye kuhifadhi, lakini si bado mnaifungua inapoingia?

#15 Mkazi wa Ng'ong'ona

Umegusa penyewe. Ndiyo, tunaifungua, na tunaifungua kwa chipu ya kompyuta ndogo, siyo kwa programu. Mara nyingi mtengenezaji wa kifaa ndiye huwa amelipia. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi kwa mfano, zile za mwanzo, ada ya H.264 ilikuwa ndani ya bei, lakini mwaka 2012 waliuza kando ufunguo wa kodeki ya MPEG-2 kwa pauni 2.40, na wa VC-1 kwa pauni 1.20. Mtu alinunua kwa kila kifaa, ukifungwa na namba ya kifaa hicho. Kwa bodi tunazotumia sisi tumemwandikia msambazaji aseme kwa maandishi leseni inahusu kufungua tu au na kuzalisha, na kama inaendelea kufanya kazi tukiuza kifaa kama sehemu ya mfumo wetu. Akijibu nitaweka hapa.